Makofi ya Mtu Mmoja

Watu wote ukumbini walikuwa wameshaacha kupiga makofi, isipokuwa mmoja.

Fundi alirudisha kanda nyuma akasikiliza upya. Piano inamaliza, besi inakoroma mara ya mwisho, tasa ya shaba ya dramu inatetema hadi inakufa. Ukumbi unalipuka kwa makofi na miluzi, kisha kelele zinapungua, viti vinasogezwa, mtu anakohoa. Halafu, karibu mno na maikrofoni, mikono miwili inaendelea. Pa, pa. Kimya kidogo. Pa, pa. Haina haraka. Tena ilisikika mibichi, kama ya mtu aliyetoka kuosha vyombo asijifute.

"Mlevi," fundi alijisemea. Kila tamasha lina mlevi wake.

Kazini walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusafisha kanda za zamani na kuzichonga upya kwenye santuri, kwa mashine kubwa iliyokijaza chumba cha nyuma cha nyumba yake mpaka yeye mwenyewe akawa anaingia ubavu. Safari hii mchapishaji alimletea tamasha la jazi la watu watatu, piano, besi na dramu, lililorekodiwa zamani, kabla nywele za Sikio hazijaanza kumkimbia. Santuri ya kwanza ilishatoweka madukani. Wapenzi wake walikuwa wachache lakini wabishi, na walikuwa wanadai itolewe tena.

Pamoja na kanda, mchapishaji alileta nakala moja chakavu ya santuri hiyo ya kwanza, ili fundi alinganishe. Sikio aliicheza hadi mwisho. Mwisho wa kila santuri kuna mfereji mmoja wa duara usioelekea popote, ambamo sindano huzunguka mpaka mtu aje kuiinua. Kwa kawaida mfereji huo ni mtupu. Huu haukuwa mtupu. Pa, pa. Pa, pa. Pa, pa. Makofi ya yule mlevi yalikuwa yamechongwa humo ndani, yakizunguka bila kwisha.

"Huyu alisinzia kazini," Sikio alisema, akimkusudia fundi wa kwanza. Fundi akiona kosa la fundi mwenzake hupata raha ndogo, na Sikio alikuwa na siku nyingi hajapata raha yoyote. Alichukua wembe akakata mkia wa kanda pale viti vilipoanza kusogezwa. Vijana wa siku hizi hufuta kwa kompyuta, na wakijuta hurudisha. Yeye alifunzwa wembe. Kile kipande, kirefu cha kuvuka nyumba nzima na kurudi, alikikunjakunja akakitupa kwenye ndoo ya taka ya jikoni, kwa sababu ya kwake ilikuwa imefurika.

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Mengine yote yalifuata yenyewe.

Nyumba yao iliishi kwa minong'ono. Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alirudi asubuhi akalala mchana, na mchana huo mapazia yote yalifungwa na maneno yote yakapunguzwa. Sikio alifanya kazi na hedfoni masikioni. Binti yao Chiriku, ambaye jina hilo alilichuma kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa likizo ya shule, na adhabu yake ilikuwa kucheza uani bila kupiga kelele. Hakuna aliyemchukia mwenzake humo ndani. Walichoka tu. Neno asante lilikuwa limekuwa kama vile vyombo vya kabatini, vinavyotolewa akija mgeni.

Kesho yake asubuhi Sikio alimkuta mkewe jikoni, bado kavaa sare ya kazi, anaosha sufuria. Akaenda kuoga. Aliporudi, mkewe alikuwa anaosha sufuria ile ile.

"Haijatakata?"

"Imetakata." Alikuwa anayatabasamia maji.

"Si ukalale basi, mama Chiriku."

"Nakuja. Nimalizie hii."

Aliimaliza, akaisuuza, akaifudikiza juu ya kichanja. Kisha akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, akaichukua tena.

Jikoni palikuwa na harufu. Sikio alidhani ni ya ndoo ya taka, lakini ndoo ilikuwa tupu. Ilikuwa harufu ya zulia bovu na viti vya sponji vilivyolowa, harufu ya ukumbi uliofungwa miaka mingi. Alifungua dirisha akarudi kwenye hedfoni zake. Ndivyo ilivyotokea kwamba mtu aliyeitwa Sikio akawa wa mwisho kusikia nyumbani kwake.

Siku zilizofuata aliona vitu vidogo vidogo ambavyo uchovu ulimzuia kuviunganisha. Sakafu ilikuwa mbichi kila alipopita. Shuka zilizokauka zilirudi kwenye kamba zikichuruzika. Chiriku, ambaye angeweza kuongea na mlango, alikuwa kimya hata wakati wa kula. Na mikono ya mkewe ilikuwa imekunjamana na kupauka, vidole vimechanika kwenye viungo.

"Mikono yako imekuwaje?" alimuuliza asubuhi moja, wamelala, pazia limefungwa.

"Nikikwambia utanicheka."

"Sina hata nguvu za kucheka."

Mkewe alisema kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa ukuta. "Nikimaliza kitu, napigiwa makofi."

"Na nani?"

"Sijui. Nikimaliza vyombo, nikimaliza kupiga deki. Mara mbili tu, taratibu. Mwanzo niliogopa nikasoma dua zote ninazozijua. Halafu..." Aliitazama dari. "Miaka yote hii nafunga vidonda vya watu, nawageuza vitandani, nawabeba kwa mgongo huu. Narudi hapa nawapikia. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi, baba Chiriku. Hata wewe. Sasa yakipigwa, mwili wenyewe unarudi kufanya tena ili yapigwe tena. Najua si kitu kizuri. Lakini nimechoka, na ni matamu."

Sikio alitaka kumwambia jambo la maana. Kilichomtoka ni, "Jaribu kupumzika," na aliona aibu hata kabla hajakimaliza.

Mchana huo hakuvaa hedfoni. Alikaa mbele ya mashine mikono mapajani, akaisikiliza nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu aikate ile kanda, na kwanza hakusikia kitu, ila bomba, ila friji, ila mkewe anavyokoroma kwa taabu chumba cha pili, kisha akasikia kamba ya kuruka ikigonga saruji ya uani, chap, chap, chap, bila kupumzika, chap, chap, muda mrefu kuliko mtoto yeyote anavyoweza kuruka kwenye jua la saa saba, na kamba iliponyamaza, kabla yeye hajashusha pumzi, yakaja kutoka huko huko uani, taratibu, mabichi, yale makofi mawili aliyoyajua kama anavyojua kikohozi chake mwenyewe, na kamba ikaanza tena.

Alikimbia. Chiriku alikuwa peku katikati ya ua, uso umemkauka, macho hayatazami popote. Saruji chini yake ilikuwa na madoa mekundu ya nyayo zake. Kamba aliyoshika ilikuwa ya kahawia, inang'aa, imesukwa vizuri kama nywele. Sikio aliitambua kabla hajaigusa. Mtoto alikuwa ameiokota ile kanda kwenye ndoo ya taka.

Alimnyang'anya kamba akamkumbatia. Miguu ya mtoto iliendelea kuruka hewani, ikimpiga magotini.

"Niache baba," Chiriku alinong'ona. "Anapenda. Niache nimwoneshe tena."

"Nani anapenda?"

"Huyo aliyekaa."

Ukutani palikuwa na kiti cha plastiki cha kila siku. Jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha nguo mara moja, lakini kiti kilikuwa kimelowa kwenye kalio na kwenye mgongo, na maji yalikuwa yakidondoka chini yake taratibu.

Nambari ya simu aliyoipiga ilikuwa ya mama mmoja mzee aliyepiga besi kwenye tamasha lile. Wenzake wawili walishatangulia mbele ya haki. Mchapishaji alimpa Sikio nambari yake kwa ajili ya kuchagua picha ya jalada, na watu wa muziki walimwita Bibi Besi.

"Shikamoo Bibi. Ni yule fundi wa santuri."

"Marahaba. Mbona unahema? Umebeba piano?"

"Bibi, yule mtu anayepiga makofi mwisho wa kanda..."

Utani ulimtoka Bibi.

"Umemfanya nini?"

"Nimemkata."

"Ukamtupa wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Sikio la kufa halisikii dawa," Bibi alisema, kwa uchovu zaidi kuliko hasira. "Nakuja. Mpaka nifike, asifanye mtu kazi yoyote humo ndani."

Alikuja kwa teksi pamoja na mpwa wake wa kike, ambaye alikataa katakata kushuka garini. Bibi Besi alikuwa mwembamba, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, nguo zake zimepigwa pasi vizuri. Alimkuta mama Chiriku kitandani amemlalia binti yake kwa uzito wake wote, na miguu ya mtoto bado inachezacheza chini ya shuka.

"Mwachieni," Bibi alisema. "Arudi uani akaruke."

"Bibi, ataniulia mtoto!"

"Ukimshika hivyo ndiyo atakufa. Mwache, mama. Nataka kusikia mwendo wake."

Wakamtoa nje wakamrudishia kamba, na mama yake akageuza uso. Bibi Besi alisimama karibu na mtoto, akafumba macho, akawa anagonga kidole kimoja pajani. Kamba iligonga, ikagonga, ikanyamaza. Pa, pa, kutoka kwenye kiti. Bibi hakushtuka. Aliacha mzunguko mzima upite, kisha wa pili. Wa tatu ulipoisha, katika ule upenyo mdogo baina ya kamba kutulia na makofi kuja, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Asante, mjukuu wangu. Imetosha."

Makofi hayakuja. Chiriku aliiangusha kamba, akakaa chini, akaitazama miguu yake, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumia. Mama yake alimbeba. Bibi Besi aliwafuata hadi mlangoni, akamshika yule mama mkono mmoja uliochanika.

"Na wewe. Kwa vidonda vyote, na kwa hawa wawili. Asante. Imetosha. Kalale."

Mama Chiriku alilia kimya kimya, mtoto begani, akaenda kulala bila hata kuuliza.

Jikoni, Sikio alichemsha chai asiinywe mtu.

"Ni jini?" aliuliza, chini kwa chini.

"Mwite jini, mwite shetani. Sisi tulimwita msikilizaji. Siku ile tulimaliza, watu wakatoka, yeye hakuacha. Hatukumwona. Mpiga piano wetu akarudi kukaa, akapiga wimbo mmoja zaidi. Makofi. Akapiga mwingine. Tulimpeleka kwake, akaendelea huko huko, kwenye kipiano cha ukutani. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amelala juu ya vitufe, ameshapoa."

"Na hamkumwambia imetosha?"

Bibi aliipuliza chai asiyoinywa. "Yalikuwa makofi ya wote watatu, mwanangu. Na sisi tulikuwa tunayapenda."

Alimweleza lililobaki. Baada ya mazishi, yeye na mpiga dramu walimwendea fundi wa wakati ule wakamwomba ayachonge makofi kwenye mfereji wa mwisho. Kiumbe kinachotaka tena, walikipa tena isiyo na mwisho, kizunguke humo na kelele zake. Kanda ndiyo mama, santuri ni watoto. Sikio amemkata mama, na kilichokuwemo kimeshuka.

"Kifumue hicho kipande, ukiunge, ukichonge makofi kama yalivyokuwa. Lakini mfereji ule ni mgumu. Utakosea, utarudia. Na kurudia ndiko anakokutaka. Usifanye peke yako. Mwamshe mkeo akae mlangoni, na ukimaliza tu, akwambie. Kazi haiishi mpaka mtu wako akwambie imeisha."

"Na makofi yakimtangulia?"

"Basi neno lake nalo litakuwa onyesho la kupigiwa makofi, kama nyimbo, kama vyombo. Ndiyo maana nilisubiri. Kazi ya besi ni kujua pa kuingia."

"Kaa wewe, Bibi. Unajua zaidi."

Bibi Besi alisimama akaitazama mikono yake. "Siwezi kukaa ndani ya nyumba kanda ile ikichezwa. Nikiyasikia makofi yale kwenye spika nitaitafuta besi, na vidole hivi havina tena pa kupindia. Mwamshe mkeo."

"Nitamwamsha."

Na kweli alikwenda kumwamsha. Alisimama kwenye mlango wa chumba. Mkewe alikuwa amelala mdomo wazi, kiatu kimoja bado mguuni, na Chiriku amejikunja kwenye tumbo lake, nyayo zimefungwa bandeji nyeupe. Uso wa mkewe ulikuwa umelegea kama wa msichana aliyemuoa. Sikio alifikiri juu ya zamu zote, na sufuria, na asante ambayo Bibi mgeni ndiye aliyemtolea. Aliuona ule usingizi kuwa zawadi ya kwanza aliyowahi kumpa. Alimvua kiatu akarudisha mlango polepole.

Alifumua kamba kwa uangalifu, akainyoosha kanda kwa kiganja, akaiunga. Mzunguko mmoja wa santuri hauchukui hata sekunde mbili. Humo yanaingia makofi mawili tu, na lazima mfereji ujifunge pale pale ulipoanza, la sivyo kiungio kinagonga. Sahani ya kwanza ya kuchongea iligonga. Ya pili ilivuka mstari ikaharibika. Alifuta jasho, akaweka nyingine, akashusha sindano huku ameshika pumzi. Pa, pa. Pa, pa. Pa, pa. Hakuna kiungio, hakuna mgongano, duara safi kama pete. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuchonga kitu kizuri namna ile.

Aliinua sindano, akazima spika, akaegemea kiti. Mgongo ulimuuma, macho yalimuwasha, na juu ya uchovu huo wote alisikia fahari ndogo ya joto kifuani, na akatamani, kama mtu yeyote angetamani, kwamba angalau mmoja angekuwepo akaona, mkewe, au mchapishaji, au hata yule fundi wa kwanza aliyemdhania kasinzia, na alikuwa bado anatamani hivyo pale harufu ya viti vilivyolowa ilipojaa chumbani na nyuma yake, karibu mno na sikio la kushoto, spika zikiwa zimezimwa, mikono miwili mibichi ilipokutana taratibu, mara mbili.

Jua lilikuwa linazama mkewe alipoamshwa na mlio wa chuma kukwaruza chuma. Alimfunika Chiriku, akatembea koridoni peku, akausukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Sahani zilizochongwa zilikuwa zimetapakaa sakafuni na kwenye rafu, pande zote mbili, mpaka tupu zikaisha. Sasa mumewe alikuwa amefunga mfuniko wa sufuria kwenye mashine, mfuniko wa ile sufuria yake, na sindano ilikuwa inalia juu yake. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Alikuwa anaitabasamia mashine.

Hakupiga kelele. Alikuwa muuguzi, na kule uani alikuwa amemsikia Bibi Besi akifanya. Asubiri, mkono uinuke, aingie kwenye upenyo. Sindano ilifika mwisho. Mumewe aliinua mkono. Yeye akafungua mdomo, na koo lake, lililokauka kwa usingizi mrefu kuliko wote wa maisha yake, likakwama.

Pa, pa.

"Imetosha, mume wangu," alisema. "Asante. Njoo ulale."

Mumewe hakugeuka. Chumba kilitulia, na kwa muda mfupi mama Chiriku aliamini kwamba labda amewahi. Kisha hewa yenye ubaridi ikamgusa shingoni, na makofi yakaja, si nyuma ya mumewe safari hii, bali pale mlangoni, ubavuni pake. Alipigiwa yeye. Utamu ule alioujua ukamshuka kutoka kisogoni mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mumewe alirudisha sindano mwanzo. Mama Chiriku alilowesha midomo, akasimama wima, akalisema tena, vizuri zaidi.